Vitu Vilivyofichwa na Nani?

Mpwa wangu ana miaka 11 na ana Nintendo DS ya mtumba, ile inayokunjwa kama kijaluba. Likizo iliyopita alijilaza mkekani, kalamu ya plastiki mkononi, pua karibu iguse skrini. Kulikuwa na picha ya chumba kilichojaa kila aina ya takataka, na orodha ya maneno ya Kiingereza. Akaniuliza aina hii ya gemu inaitwaje kwa Kiswahili. Nikajibu papo hapo, neno kwa neno kutoka jina la Kiingereza, kama mfasiri anayelipwa kwa ukurasa: "Mchezo wa vitu vilivyofichwa."

Akanitazama. "Mjomba, mbona havijafichwa? Si hivi hapa juu, vyote?"

Alikuwa na haki. Katika michezo hii hakuna kitu kilicho chini ya zulia wala nyuma ya kabati. Mkasi uko wazi, umelala juu ya zulia lenye mistari ya kijivu kama makali yake. Ufunguo umening'inia hadharani kwenye fremu ya picha, ukijifanya sehemu ya nakshi. Jicho linapita juu yake mara tano na halisimami. Wachoraji wanaijua kazi hiyo kama kinyonga anavyoijua yake: hupunguza rangi ya kitu ifanane na kilicho nyuma yake, hukigeuza kichwa chini, hukibadilishia ukubwa hata tembo akatoshea kwenye rafu ya vikombe. Tangu mwaka 1980, Anne Treisman na Garry Gelade walipochapisha nadharia yao ya namna jicho linavyounganisha sifa za vitu, wanasaikolojia wana maelezo ya jambo hili. Kitu kinachotofautiana na vingine kwa sifa moja tu, tuseme rangi, hujirusha chenyewe machoni. Kikiwa kinashiriki rangi na hivi na umbo na vile, inabidi uvikague vitu kimoja kimoja, kama karani anayehesabu magunia bandarini. Mchezo mzima umejengwa juu ya ukaguzi huo wa polepole.

Kwa hiyo swali la mtoto lilikuwa la kisarufi. Kiingereza kinaweza kusema kitu "kimefichwa" bila kumtaja aliyekificha wala kutuambia kama yupo. Kiswahili kinamtaka mfasiri achague. Ukisema vilivyofichwa, kuna mkono uliovificha, na msomaji ana haki ya kuuliza ni wa nani. Vilivyojificha, basi vimefanya vyenyewe kwa hiari, na ni viumbe kama watoto wanaocheza kombolela. Vilivyofichika vimetoweka machoni kwa namna fulani, hatujui ipi. Halafu kuna fichama, ambayo wengi wameisahau. Kile kiambishi -ama kinakaa kwenye vitenzi vya mkao: simama, inama, chutama, tuama. Kitu kilichofichama kimekaa mkao wa kutoonekana. Ndivyo ulivyo ule mkasi juu ya zulia: umechutama mbele ya macho ya watu. Kama tungelazimika kufuata Kiingereza na kuvitaja vitu, ningeandika vitu vilivyofichama, na nisingeomba radhi.

Wapo wapenda istilahi watakaosema "vitu" ni neno la sokoni, tulete kiolwa. Linatokana na kitenzi cha kale ola, yaani tazama, ambacho pia kilituachia kiolezo. Kiolwa ni kitu kinachotazamwa. Sasa jaribu kuandika "mchezo wa violwa vilivyofichama" na usikilize sentensi inavyogombana yenyewe: vinavyotazamwa visivyoonekana. Kama fumbo la kishairi ingependeza. Juu ya kasha la mchezo wa mtoto, hapana.

Lugha nyingine nazo hazikukubaliana. Wafaransa walifuata Kiingereza. Warusi walisema ni kutafuta vitu, basi. Wajerumani waliviacha vitu wakaitaja picha: kwao huu ni mchezo wa Wimmelbild, picha inayochemka watu na vitu kama kichuguu kilichopigwa teke. Neno hilo wanalo kwa sababu wana vitabu vya watoto vya namna hiyo, na Ali Mitgutsch wa München ndiye aliyevipa umaarufu kuanzia mwaka 1968. Ukirudi nyuma zaidi unamkuta Pieter Bruegel, ambaye mwaka 1560 alichora uwanja wa mji umejaa watoto wanaocheza michezo ya kila namna, mpaka mtazamaji hajui aanzie wapi. Uingereza mwaka 1987 ikaja na Wally wa Martin Handford, kijana wa fulana ya mistari myekundu na myeupe. Akivuka bahari anakuwa Waldo Marekani, Charlie Ufaransa, Walter Ujerumani. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kutafutwa, huko nako ni kujificha. Tukitaka njia ya Wajerumani, Kiswahili kina neno pomoni: kimejaa pomoni. Picha pomoni. Nililiandika kwenye daftari, nikalipenda kwa siku mbili.

Lakini mchezo wenyewe si picha tu. Una kesi ndani yake. Mwaka 2005 kampuni ya Big Fish Games ya Seattle ilitoa Mystery Case Files: Huntsville kwa kompyuta za mezani, na humo mchezaji ni mpelelezi aliyeitwa na mji wenye uhalifu usioelezeka. Anapewa eneo la tukio, orodha, na muda unaohesabiwa kurudi nyuma. Akibofya ovyo ovyo akitumaini bahati, anakatwa muda. Huo uamuzi mdogo wa waundaji ndio uliotenganisha upelelezi na kubahatisha. Mwaka 2008 mfululizo huo ulihamia kiganjani, kwenye DS, kwa jina la MillionHeir, na safari hii wasambazaji wakawa Nintendo wenyewe. Aliyepotea ni tajiri aitwaye Phil T. Rich. Litamke jina hilo haraka kwa masikio ya Mwingereza, utasikia "tajiri wa kutupwa". Ningepewa kuitafsiri, angekuwa Bwana Kutupwa, na ningelala vizuri.

DS iliupa mchezo huu kitu ambacho kompyuta ya mezani haikuwa nacho. Skrini zake ni mbili, kila moja na nukta 256 kwa 192 tu, na ya chini ni ya kugusa. Ni dirisha dogo mno kwa picha iliyojaa kiasi hicho, kwa hiyo mchezaji hasimami mlangoni akakitazama chumba chote. Anakipitisha kipande kwa kipande. Wapo waliolalamika kwamba vitu vimekuwa vidogo kama punje za ulezi. Mimi naona udogo huo uliurudisha mchezo kwenye asili yake. Mtu anayeinamia kifaa, kalamu mkononi, akigusa kitu kimoja na kuacha kingine, anafanana na mpelelezi mwenye lenzi kuliko yule aliyeegemea kiti na kipanya cha kompyuta. Kifaa chenyewe nakiita konsoli ya kiganjani, kwa kuwa tuliwahi kusema simu ya kiganjani na hakuna aliyetuuliza maana yake. Kishikwambi kingefaa kwa sauti, ila kimeshachukuliwa na makarani wa sensa ya Tanzania ya mwaka 2022, na hawakirudishi.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuazima kachero kutoka Seattle ili aelewe upelelezi wa namna hii. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alichapisha riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na ndani yake yumo mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, rafiki yake Najum akimfuata nyuma kwa mshangao. Bwana Msa anashinda kwa kutazama. Wengine wote wameliona lile lile aliloliona. Willy Gamba wa Elvis Musiba ni mtu wa mwendo na bastola, na gemu yake ingekuwa ya kufyatua risasi. Gemu za mpwa wangu ni za ukoo wa Bwana Msa.

Hapo ndipo nilipoacha kukitafutia jina kile kilicho ndani ya picha, nikaanza kulitafuta kwenye mkono wa mchezaji. Kiswahili kina kiambishi kinachofumua kilichofanywa: funga, fungua, fumba, fumbua, tega, tegua, ficha, fichua. Fichua haisemi kitu kilifichwaje wala na nani. Inasema tu kwamba sasa kiko hadharani na kuna mtu aliyekiweka hadharani. Magazeti yanafichua ufisadi, polisi wanafichua njama, na mtoto kwa kalamu ya plastiki anafichua mkasi juu ya zulia. Kitenzi kimoja kinabeba kitu na kesi kwa pamoja, jambo ambalo jina la Kiingereza halikuweza.

Basi pendekezo langu ni gemu ya kufichua, wingi gemu za kufichua: mchezo ambao mchezaji hupewa picha iliyojaa vitu pamoja na orodha, akavibaini vilivyotajwa kimoja kimoja, mara nyingi ili atatue kesi. Anayetaka urefu aongeze "vitu" mwishoni. Watu wa mtaani wametangulia kuonyesha kwamba njia hii ya kutaja tendo inakubalika. Simu ya skrini ya kugusa Tanzania iliitwa simu ya kupangusa, na ile ndogo ya tochi Wakenya waliipa jina la mulika mwizi. Hakuna kamati iliyoketi.

Maneno mengine ya mchezo yanapatikana bila jasho. Eneo la tukio tunalisikia kila siku kwa makamanda wa polisi. Ushahidi unaokusanywa ni kizibiti, neno ninalolipenda kwa jinsi lilivyoingia nchini: mahakama za Kiingereza zilikuwa na neno linaloanza kwa sauti zilizokaribiana na ki-, sisi tukadhani ni kiambishi, tukazaa vizibiti, kama tulivyozaa viplefti barabarani. Kitufe cha msaada kilinisumbua kidogo. Dokezo linatosha, lakini halionyeshi kwamba msaada una bei: ukiutumia unasubiri, au unapungukiwa. Kwenye vitendawili, aliyeshindwa huambiwa "nipe mji", naye hutoa mji ndipo ategue aliyetega. Kutoa mji! Mchezaji aliyekwama anatoa mji. Na ule wa kwanza kabisa wa mfululizo, Huntsville, ni jina la mji. Sikupanga.

Kazi ngumu inabaki kwenye orodha. Waandishi wa Kiingereza hupenda kuweka neno lenye maana mbili, lile la popo ambalo pia ni gongo la besiboli, na mchezaji anasaka mnyama wakati gongo limeegemea ukuta. Ukitafsiri, mtego unafunguka wenyewe: popo ni popo. Basi mfasiri asitafsiri orodha. Aitege upya, na Kiswahili kitampa mitego mpaka aikimbie. Andika taa, mtoto atafute ya chemli huku samaki wa jina hilo amejitandaza sakafuni. Andika tai: yuko ndege angani, na ipo shingoni mwa picha ya babu. Paa ni mnyama na ni kipaa cha nyumba. Kanga ni vazi lililokunjwa kitini na ni ndege mwenye madoa, na watu husema vazi lilichukua jina kwa ndege. Mbuzi yuko uani anatafuna, na yupo mwingine jikoni, wa mbao, mwenye meno ya chuma, anasubiri nazi.

Tatizo ni kwamba sarufi yetu haijui kunyamaza. Mara nyingi orodha hutaja idadi, na hapo upatanisho unatoa siri. "Mbuzi mmoja" ana roho. "Mbuzi moja" ni ya kukunia. "Kanga mmoja" anataga, "kanga moja" unajifunga. Kiambishi kidogo cha mbele kimemkamata mtuhumiwa kabla mpelelezi hajavaa viatu. Ilinibidi nijitungie sheria: maneno yenye maana mbili yaandikwe peke yake, bila idadi wala kivumishi, na pale idadi inapolazimika, itumike tarakimu. Kanga 1. Hapo sarufi inafumba mdomo. Mto ni salama kwa vyovyote, kwani wa maji na wa kulalia yote iko ngeli moja.

Kuna gemu moja iliyonithibitishia kitenzi changu baada ya kuwa nimeshakichagua. Hidden Folks, ya mwaka 2017, sasa inachezwa pia kwenye konsoli ya Nintendo Switch. Imechorwa kwa mkono, nyeusi na nyeupe tupu, na milio yote ndani yake imetolewa kwa midomo ya waundaji. Humo kutazama hakutoshi. Unafungua pazia la hema, unafyeka kichaka, unagonga mlango, na aliyekuwa ndani anatoka. Kule vitu vimefichama na vingine vimefichwa kwelikweli, na mchezaji anavifichua vyote kwa kidole.

Mwezi uliopita nilimpelekea mpwa wangu karatasi: jina la aina ya mchezo, kizibiti, eneo la tukio, kutoa mji, na orodha ya majaribio yenye mbuzi, taa na kanga. Kutoa mji amekuchukua. Sasa analipigia kelele neno hilo nyumba nzima kila akikwama. Kwenye kanga alikwama dakika tatu, jambo lililonifurahisha kuliko inavyostahili. Kisha nikamuuliza, kama anayeuliza hali ya hewa, yeye na wenzake shuleni wanauitaje mchezo huu.

"Huu? Gemu ya vikorokoro."

Nimeliandika pembeni ya daftari, mkabala na pomoni.