Waliorudishwa na Theluji

Tumezoea kuanza habari za kupandwa kwa Kilimanjaro kwa tarehe 6 Oktoba 1889, siku ambayo Hans Meyer, Mjerumani, na mwenzake Ludwig Purtscheller wa Austria walipokanyaga kilele cha Kibo. Waliotangulia hutajwa kwa sentensi moja: fulani alijaribu, akarudi. Nadhani desturi hii ya kuwahesabu waliofika na kuwapita waliorudi imetunyima sehemu iliyo bora ya habari yenyewe. Maana ubishi mkubwa uliokuwapo juu ya mlima ule haukukatwa na mtu aliyefika kileleni. Ulikatwa na watu waliogeuka njiani, na kilichowageuza ndicho kilichokuwa jibu.

Ubishi huo ulianza tarehe 11 Mei 1848. Johannes Rebmann, mmisionari aliyekuwa amekaa Rabai karibu na Mombasa, alikuwa safarini kwenda Uchagga alipoona kitu cheupe juu ya mlima. Alipouliza, kiongozi wake hakukitaja kwa jina lolote ila alikiita "baridi" tu. Mimi ninayefundisha lugha hii nalipenda sana jibu hilo. Mtu yule hakuwa na haja ya jina la kitu ambacho hakikupata kuanguka katika nchi yake. Lakini alijua hukifanyia nini mwili wa mtu, akakiita kwa tendo lake. Mtaalamu gani angejibu vizuri zaidi?

Wachagga walijua mengi kuliko hayo. Rebmann na mwenzake Krapf waliandika habari ya Rengua, mangi wa Machame, aliyepeleka kundi la watu wake juu ili wapeleleze weupe ule, akitumaini kuwa ni fedha. Akarudi mtu mmoja tu, jina lake Sabaya, mikono na miguu yake imeharibika kwa baridi. Wenzake wote walikufa huko, na kifo chao kikasemwa kuwa ni kazi ya pepo. Basi huyu Sabaya, aliyepanda kabla ya Mzungu yeyote kuuona mlima ule, ndiye wa kwanza tunayemjua kwa jina kuwa alirudishwa na hali ya hewa ya Kilimanjaro. Wala simwoni katika orodha ya wapanda mlima.

Habari za Rebmann zilipochapishwa Uingereza zilipata adui mkali, naye ni William Desborough Cooley. Tusimdharau mtu huyu. Alikuwa msomi wa kweli, ameyachunguza maandishi ya Waarabu, na aliwahi kumhoji mfanyabiashara wa pwani yetu, Khamis bin Uthman, aliyefika London. Lakini Afrika ya Mashariki hakuikanyaga kamwe. Katika kitabu chake cha mwaka 1852 alikataa katakata kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta, kwenye nyuzi 3 tu za kusini. Kosa lake lilikuwa kuipima nchi kwa ramani iliyolala mezani. Hewa hupoa kwa kadiri ya nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda. Na kilele kile kimo chake ni mita 5,895. Aliye pwani katika joto la nyuzi 30 na afanye hesabu mwenyewe.

Mwaka 1861 Baron Karl Klaus von der Decken, Mjerumani, alikwenda kupanda pamoja na Richard Thornton, kijana Mwingereza mtaalamu wa miamba. Hawakufika mbali. Mvua iliwakamata msituni, na walipofika kadiri ya mita 2,500 wakashuka. Mwishoni mwa 1862 Decken akarudi tena, safari hii na Otto Kersten. Msimu haukuwa mzuri, kwani ni wakati wa vuli, ambapo pepo zenye unyevu wa bahari hupanda mteremko wa mlima, zikapoa, zikamwaga maji msituni na theluji juu yake. Walipita msitu, wakafika karibu futi 14,000, yaani mita 4,300 hivi, wala hawakuweza kuendelea. Na usiku theluji ikaanguka.

Kwa mpandaji huko ni kushindwa. Kwa mwanahistoria, watu hao walikuwa wamekwenda kutafuta kama pana theluji, na theluji yenyewe ikaja hata walipo. Mwaka 1864 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimpa Decken nishani ya dhahabu. Cooley hakusadiki. Aliikejeli theluji iliyojua kuanguka kwa wakati unaomfaa Baron, tena mwezi wa Desemba, jua likiwa utosini! (Hata hapo alikosea: jua la Desemba limekwisha kupita Kibo, liko kusini.) Decken aliuawa Bardera, kwenye mto Juba, mwaka 1865, Cooley alifariki mwaka 1883.

Liko jambo jingine ambalo vitabu hivyo vya safari hulipita upesi. Mzungu akiandika kwamba wapagazi walikataa kuendelea, msomaji hupata picha ya watu waoga. Lakini mpagazi wa pwani alivaa shuka, na aghlabu hakuwa na viatu. Aliyoyajua Sabaya yeye naye aliyajua kwa nyayo zake, wala hakuna jumuiya ya London iliyomwekea nishani. Kukataa kwake kulikuwa hukumu ya mtu mwenye akili timamu juu ya baridi.

Meyer mwenyewe alipita katika shule hiyo hiyo. Mwaka 1887 alipanda Kibo hata penye ukuta wa barafu, akageuka. Mwaka 1888 hakuufikia mlima, kwa kuwa alikamatwa katika vita vya Abushiri, akajikomboa kwa fedha. Mwaka 1889 alipanda tena, na tarehe 3 Oktoba yeye na Purtscheller wakafika kwenye ukingo wa shimo la Kibo, wakaona kwamba kilele kiko mbali kidogo upande wa pili. Siku ilikuwa imekwenda nao wamechoka. Wakageuka, wakashuka saa nyingi hata hemani, alikokuwa Mwini Amani, mtu wa Pangani, aliyebaki kuilinda kambi katika baridi ile.