Kutoka Upagazi hadi Mwaloni: Wasaka Kazi wa Mwanza

Katika karne ya 19, kijana wa Usukuma aliyetaka kazi alilipa Ziwa Victoria mgongo. Yeye na jirani zake Wanyamwezi walijitwika pembe za ndovu, wakashika njia ya misafara kwa miezi hadi Bagamoyo, na kurudi nyumbani na vitambaa, shanga au fedha ya kununulia ng'ombe. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, upagazi wa masafa marefu ulififia, lakini vijana hawakutulia nyumbani. Mashamba ya katani ya Tanga na Morogoro yaliwahitaji manamba, yaani vibarua wa mkataba, na Usukuma ulitoa wengi. Huko kila siku ya kazi ilitiwa alama kwenye kipande, yaani kadi ya kazi, hadi zitimie 30 ndipo mtu alipwe. Ulikuwa utaratibu mgumu, lakini siku za mtu zilihesabiwa.

Mwanza yenyewe, boma la Wajerumani tangu miaka ya 1890, kwa muda mrefu ilitegemea Kisumu, ambako reli ya Uganda ilifika mwaka 1901. Ngozi na mazao ya ukanda wa ziwa yalivuka kwa meli kuelekea huko. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ikaingia Mwanza, na mji ukawa na mlango wa pili.

Hapo safari ikageuka. Pamba ya Usukuma ilihitaji viwanda vya kuichambua, maghala, na makuli wa kupakia marobota kwenye mabehewa. Wakulima, wakiongozwa na Paul Bomani, waliunganisha vyama vyao mwaka 1955 katika Victoria Federation of Co-operative Unions, kilichokua hadi kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Baada ya uhuru kikaja kiwanda cha nguo cha Mwatex. Sasa kijana alikuwa na sababu ya kushuka Mwanza badala ya kwenda Tanga.

Kisha akaja sangara.

Samaki huyu alipandikizwa ziwani upande wa Uganda miaka ya 1950 na 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametawala maji ya Tanzania, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikafunguliwa Mwanza, vikiuza Ulaya. Habari zilienea upesi. Vijana wa Mara, Kagera, Shinyanga na Kigoma walishuka stendi na begi moja, wakaulizia boti za visiwa vya Ukerewe, Kome, Maisome na Goziba. Mwaka 2000 ziwa zima, katika nchi zote tatu zinazolizunguka, lilikuwa na wavuvi wapatao 129,000. Mwaka 2006 walizidi 196,000.

Mgeni mwaloni, yaani mahali wavuvi wanapotia nanga, haanzi na mtumbwi. Huanza na kibarua: kusomba ndoo za dagaa, kutengeneza nyavu, kubeba barafu. Akizoeleka, tajiri mwenye chombo humpa nafasi. Kwenye dagaa kazi hufanywa usiku wa giza. Taa, zamani karabai na siku hizi nyingi za sola au betri, huwekwa zielee juu ya maji ili dagaa wakusanyike, kisha wavu huvutwa. Alfajiri kinamama huwaanika mchangani au kwenye vichanja. Mbalamwezi ikikolea, mitumbwi hulala. Hapo kijana hula kwa mkopo kwa mama ntilie, na deni humsubiri hadi giza lirudi.

Malipo ni mgawo. Kwanza hutolewa gharama za mafuta na chakula, kisha sehemu ya tajiri, na kinachobaki hugawanywa kwa waliovuta wavu. Mara nyingi mapatano haya ni ya mdomo tu. Samaki wakikosekana, hasara humwangukia mvuvi. Akizama, huenda pasiwe na karatasi inayoonyesha alikuwa chombo cha nani.

Ziwa limekwishatoa funzo hili la kukosa kumbukumbu kwa uchungu. Meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, mamia ya watu walikufa, na idadi kamili ya waliokuwemo haikujulikana, kwa kuwa abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara kikiwa kimejaza kupita kiasi, na zaidi ya watu 200 wakafa.

Tarehe 19 Juni 2025 lilizinduliwa daraja la Kigongo–Busisi juu ya ghuba ya ziwa hilo, lenye urefu wa takriban kilomita 3, na foleni ya kivuko hapo ikaisha. Wasaka kazi watafika kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo matajiri wa vyombo, vikundi vya usimamizi wa mialo na halmashauri za kandokando ya ziwa wana jambo moja la kufanya, tena lisilo na gharama kubwa: kabla mtumbwi haujaondoka, yaandikwe majina ya wavuvi wote na mgawo waliokubaliana, na nakala ibaki mwaloni.