Jina Lililotangulia Hukumu

Magonjwa mengi huitwa kwa dalili zake. Ugonjwa mmoja uliitwa kwa mwisho wake. Katika miaka ya 1890 daktari Mjerumani Emil Kraepelin aliuweka chini ya jina la Kilatini, dementia praecox: akili kuchakaa kabla ya umri. Jina hilo lilikuwa ubashiri. Kijana aliyeandikiwa hivyo alikwisha kuhukumiwa.

Mwaka 1908 daktari Eugen Bleuler wa Zürich alilikataa jina hilo. Aliona kwamba wengine huanza kuugua ukubwani, na si wote wanaoishia kupotewa na akili. Akaunganisha maneno mawili ya Kigiriki, mpasuko na akili, ikazaliwa skizofrenia. Ubashiri ukaondoka, mpasuko ukabaki. Ndiyo maana wapo wanaodhani mgonjwa ni watu wawili katika mwili mmoja, jambo lisilo kweli. Wajapani, waliokuwa wametafsiri mpasuko huohuo, walibadili jina lao mwaka 2002, na madaktari wakaanza kuwatajia wagonjwa ugonjwa wao kwa uwazi zaidi.

Kwetu, katika Kiswahili, kuna mwendawazimu, neno linalomfunga mtu na maradhi yake kana kwamba hayana kituo. Lakini pia tuna nafuu, kutengemaa na kupona, na kila moja lina kazi yake. Mama akiuliza, “Daktari, mwanangu atapona?” anauliza mengi kwa pamoja: sauti anazosikia zitanyamaza? Atarudi kazini? Ataoa? Tangu 2005 watafiti wengi huhesabu nafuu pale dalili kuu zinapokuwa hafifu kwa miezi 6. Kupona kunadai zaidi: kujitegemea, kazi, kuishi vyema na watu. Wapo wenye nafuu wasio na kazi, na wapo ambao bado husikia sauti huku wakilea watoto.

Na kupona hutokea. Katika jimbo la Vermont, Marekani, wagonjwa 269 waliokaa hospitalini miaka mingi, wakionekana hawana tena matumaini, walitolewa katika miaka ya 1950 na kusaidiwa kuishi uraiani. Mtafiti Courtenay Harding na wenzake waliwafuatilia, na mwaka 1987 wakatoa matokeo: baada ya takriban miaka 32, kati ya nusu na theluthi mbili walikuwa wameimarika sana au wamepona.

Tunajua kwamba kuchelewa kupata tiba huharibu matarajio. Basi anayebashiri aseme anabashiri nini, nafuu au kupona, na kwa muda gani. Familia inayoambiwa “hatapona” huweza kuacha kumpeleka kliniki, na ubashiri ukajitimiza wenyewe.