Mlango kwanza, nyumba baadaye

Wadau, kimya kingi kina mshindo. Nimepotea kidogo, na aliyenipoteza ni mlango. Ndiyo, mlango! Wakati wa masika mlango wa chumba changu ulivimba ukagoma kufunga. Fundi akaja na randa, akaukwangua, akachukua chake akasepa. Mvua zilipokatika mbao zikasinyaa, na sasa nina mwanya ambao panya anapita bila kubisha hodi.

Nilipomlalamikia akanijibu: "Bro, mlango hauna kosa. Kosa ni la fremu." Hapo nikaukumbuka Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Milango ile tumezoea kuisifia nakshi tu. Hebu tuitazame kwa jicho la fundi. Sisi tunajenga ukuta, tunaacha tundu, halafu tunahangaika kutafuta mlango wa kuingia humo. Wazee walianza upande wa pili. Kwa desturi mlango, pamoja na miimo na kizingiti chake, ulisimamishwa kwanza, kisha nyumba ikajengwa kuufuata. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa ukaukumbatia mlango ulionyooka tayari.

Kuna la zaidi. Mbao zilikuwa ngumu: msaji, mvule, mfenesi. Mabawa mawili hayakuning'inia kwenye bawaba kama ya kwetu, bali yalizunguka kwenye ncha za juu na chini zilizokaa ndani ya matundu ya fremu. Katikati ukapigiliwa mfaa kwenye bawa moja, ukafunika mwanya. Mbao zivimbe, zisinyae, mpita njia haoni kitu.

Tusidanganyane lakini: milango mingi ya fahari ni ya karne ya 19, na fedha iliyoilipia ilitoka kwenye karafuu, pembe za ndovu na jasho la watumwa. Ufundi ulikuwa wa hali ya juu. Bei yake waliilipa wengine.

Leo madukani kuna milango inayouzwa ikiwa imeshafungwa kwenye fremu yake. Ni kama tumerudi kule kule, ila sasa tundu linatangulia. Basi mkalie fundi kooni. Aweke timazi kwenye mwimo wa bawaba kabla ya yote. Kabari zikae nyuma ya kila bawaba. Apime fremu kutoka pembe hadi pembe, mara mbili. Vipimo visipolingana, fremu imepinda. Kabla ya kukaza, afunge mlango na kukagua kama mwanya unalingana pande zote. Ukikwama juu upande wa kitasa, aangalie kwanza kama bawaba ya juu imelegea. Randa iwe ya mwisho, maana ubao uliokwanguliwa haurudi.

Mji Mkongwe uliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, lakini cheti hakizuii ukuta kuanguka. Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka. Wapo pia wanaotamani kuing'oa milango ya zamani na kuiuza kama pambo la sebuleni. Mimi nasema mlango uliojengewa nyumba, ukiutenga na nyumba yake, unabaki ubao wenye maua.

Haya wadau, naenda kutafuta fundi mwenye timazi. Kwako mlango unafunga?