Kaseti za Likasi: sura za mtaa kabla ya treni za 1992

LIKASI – Katika nyumba nyingi za Kikula, Panda na Shituru kuna kaseti za video zilizowekwa juu ya kabati au chini ya kitanda, na mashine ya kuzicheza haipo tena. Ndugu wasikilizaji, na ninyi jamaa zetu mlioko Mwene-Ditu, Kananga na Mbuji-Mayi, leo tuongee juu ya kaseti hizo.

VHS ilitoka Japani mwaka 1976, kisha Video8 mwaka 1985. Kwetu si kila mtu alikuwa na kamera. Mpiga video aliitwa kwa arusi, ubatizo au matanga, na jamaa ikabaki na kaseti moja. Hakuwa na nia ya kuandika historia, alimfuata bibi arusi tu. Lakini nyuma ya bibi arusi wanaonekana majirani: Msanga, Mlunda, Mluba wa Katanga na Mluba wa Kasai wakicheza katika lupango moja, kwa sababu Union Minière, na baadaye Gécamines, zilileta wafanyakazi kutoka mbali.

Agosti 1992, Konferansi ya Taifa ilimchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz a Karl-i-Bond, mwana wa Shaba, jinsi Katanga ilivyoitwa wakati ule. Chuki iliyokuwa imekwisha kuhubiriwa ikalipuka hapa Likasi. Wakasai walifukuzwa nyumbani. Makumi ya maelfu walilala kwenye gare na ndani ya masomo, wakingoja treni za kwenda Kasai. Wengine walikufa wakingoja, wengine njiani. Anayekimbia usiku huchukua mtoto na sufuria. Kaseti ilibaki kwa jirani, au ilifungwa ndani ya kitenge.

Mwaka 2000, wanahistoria wa Lubumbashi walianza kazi ya Mémoires de Lubumbashi, wakikusanya ushuhuda wa wakaaji na vitu vya nyumbani. Kaseti nayo ni kitu cha namna hiyo, ila picha ya karatasi unaiona kwa macho, kaseti inadai mashine. Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza mashine za VHS, iliacha Julai 2016. Na utepe wenyewe unachakaa kila msimu wa mvua.

Kazi yenyewe si uchawi. Mashine ya kaseti inaunganishwa na kompyuta kwa nyaya tatu, ya njano kwa picha, nyekundu na nyeupe kwa sauti, kupitia kifaa kidogo cha USB. Kaseti ya saa moja inataka saa moja, na umeme ukikatika unaanza tena. Ukiona ukungu mweupe juu ya utepe, usiiingize: itachafua mashine na kaseti zitakazofuata. Kaseti iliyolala miaka mingi, ipeleke kwanza mpaka mwisho kisha uirudishe. Picha ikitoka bila rangi, mara nyingi kosa si la kaseti. Programu imewekwa NTSC, ya Marekani, badala ya PAL au SECAM.

DVD moja ya GB 4.7 inabeba karibu saa mbili za picha nzuri. Lakini DVD ya kuchoma nayo inaharibika, basi weka nakala nyingine kwenye diski ya nje. Ukimlipa fundi, kaa naye mpaka amalize. Mimi sipendi kaseti ya matanga ya mtu ilale dukani.

Na andika majina: nani anaonekana, avenyu gani, mwaka gani. Karibuni nilimsindikiza mzee mmoja wa Kikula kutazama arusi ya 1989. Hakusimamisha picha kwa bibi arusi. Alisimamisha kwa mvulana aliyebeba kreti ya Simba, akasema huyo alipanda treni pamoja na mama yake. Jina lake hakulikumbuka. Tumeiacha picha hiyo kwenye kompyuta, pengine mmoja wenu kule Kasai atamtambua.