Seva ya kusimamia funguo

Seva ya kusimamia funguo ni kompyuta au programu inayotengeneza, kutunza na kutoa funguo za usimbaji fiche kwa mifumo mingine. Hutumika, pamoja na kazi nyingine, kulinda mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu ambazo nyingi huweza kuendeshwa ndani ya kompyuta moja halisi.

Mashine pepe huhifadhiwa kama mafaili. Anayeyanakili huondoka na kompyuta nzima pamoja na data zake. Mafaili yakisimbwa, hayamfai kitu mtu asiye na ufunguo. Ndiyo maana ufunguo hutunzwa mbali na data.

Utendaji

Mfano mmojawapo ni vSphere ya kampuni ya VMware ya Marekani, iliyopata uwezo wa kusimba mashine pepe katika toleo la 6.5 mwaka 2016. Mfumo huu una funguo za ngazi mbili. Ufunguo wa kwanza hutengenezwa na ESXi, programu inayoendesha mashine pepe, nao husimba diski. Ufunguo wa pili hutoka kwenye seva ya funguo, nao husimba ule wa kwanza.

Programu ya usimamizi, vCenter Server, huomba ufunguo wa pili na kuupeleka kwa ESXi. Yenyewe hutunza namba ya utambulisho wa ufunguo tu, si ufunguo wenyewe.

Mawasiliano na seva hufuata itifaki ya KMIP, iliyopitishwa na shirika la viwango la OASIS mwaka 2010. Kwa kawaida hutumia poti ya 5696 na hulindwa kwa TLS.

Maandalizi

1. Kusimika seva za funguo, ikiwezekana zaidi ya moja zenye funguo zilezile, ili moja ikizimika nyingine iendelee.
2. Kuzisajili katika vCenter Server kwa anwani na poti.
3. Kuthibitisha vyeti, ili kila upande umwamini mwenzake.
4. Kuipa mashine pepe sera ya usimbaji. Mashine iliyokwisha kuwepo huzimwa kwanza.

Hatari

Seva ya funguo ikizimika, mashine pepe zinazofanya kazi haziathiriki papo hapo, kwa sababu ESXi ina ufunguo katika kumbukumbu yake. Tatizo hujitokeza kompyuta mwenyeji inapowashwa upya: kwa kawaida ufunguo huo hufutika, na mashine zilizosimbwa haziwezi kuwaka mpaka seva ipatikane.

Kwa hiyo seva ya funguo haipaswi kuwa mashine pepe iliyosimbwa kwa funguo zake yenyewe. Umeme ukikatika, itahitaji ufunguo ili iwake, na ufunguo umo ndani yake. Ni sawa na kufungia ufunguo wa sanduku ndani ya sanduku lenyewe. Vivyo hivyo, vCenter Server haishauriwi kusimbwa.

Ufunguo ukipotea bila nakala ya akiba, data nazo zimepotea, hata kama diski ni nzima.

Bila seva ya nje

Tangu vSphere 7.0 Update 2 ya mwaka 2021, vCenter Server inaweza kusimamia funguo bila seva ya nje, kwa huduma iitwayo Native Key Provider. Kabla ya kuitumia, msimamizi hutakiwa kutengeneza nakala ya akiba. Nakala hiyo itunzwe mahali salama, nje ya mfumo unaolindwa.