Jani gani limeanza kuwa manjano? Namna ya kutambua njaa ya mimea

Kule Walungu, Kabare na sehemu nyingi za milima ya Kivu Kusini, wakulima wanasema "udongo imechoka". Mahindi yanabaki kimo cha magoti, maharagi yanakuwa manjano mbele ya kutoa maua. Wengi wanakimbilia dawa ya wadudu, wanamaliza pesa, na shamba linabaki vile vile. Mimea haikuwa na wadudu, ilikuwa na njaa.

Vitu vitatu ndivyo mmea unahitaji kwa wingi toka udongoni: azoti, fosfori na potasi. Kimoja kikikosekana, mmea unakitoa katika majani yake ya zamani, yale ya chini, na kukipeleka kwa majani machanga. Kwa hiyo swali la kwanza ni: jani gani lilianza? Kama ni la chini, angalia hivyo vitatu. Kama ni lile changa la juu, huenda ni chuma au sulfuri, ambavyo mmea hauwezi kuvihamisha kwa urahisi.

Kwa mahindi, njaa ya azoti huanza kwenye ncha ya jani na kufuata mshipa wa katikati. Njaa ya potasi huunguza kingo, katikati pakibaki kijani. Bua linakuwa dhaifu na upepo unalilaza. Ndizi hula potasi sana, na kila mkungu unaopelekwa soko la Bukavu unaondoka na sehemu yake. Maganda hayarudi shambani.

Fosfori ndiyo inasumbua zaidi. Mahindi machanga hugeuka zambarau kwenye kingo (baridi ya milimani inaweza kufanya hivyo pia, na kuna mbegu zenye bua jekundu kwa asili). Mizizi inabaki mifupi, basi mmea unafikia chakula kidogo zaidi, njaa inaongezeka. Kwa maharagi ni mtego: chimbua shina polepole na udongo wake, usiling'oe, halafu pasua vile vifundo vidogo vya mizizi. Vikiwa na rangi ya waridi ndani, vinakamata azoti ya hewani. Bila fosfori vifundo vinakuwa vichache, majani yanakuwa manjano kama yamekosa azoti, kumbe chanzo ni fosfori.

Udongo mwekundu wa zamani kule Walungu una asidi nyingi. Chuma na alumini vilivyomo vinaishika fosfori, na alumini inafupisha mizizi. Rutshuru ina udongo wa volkano, mchanga zaidi na wenye chakula zaidi. Shauri la ndugu wa Rutshuru, hata likiwa zuri kwake, linaweza kukupotosha wewe wa Walungu.

Titonia, ule mmea wa maua ya manjano unaoota kando ya njia, inasaidia sana: kilo 100 za majani yake makavu zina karibu kilo 3 na nusu za azoti na kilo 4 za potasi. Lakini fosfori haifiki hata nusu kilo. Majivu hupunguza asidi na kuongeza potasi, ila hayana azoti, imeisha kwenda na moshi. Kwa fosfori, mara nyingi inabidi kununua. Soma namba za mfuko: DAP imeandikwa 18-46-0, na namba ya katikati ndiyo ya fosfori; NPK 17-17-17 ina kidogo zaidi; urea, 46-0-0, haina hata kidogo. Mfuko ni ghali, basi usimwage shamba zima: tia kidogo ndani ya shimo pamoja na samadi iliyooza, funika na udongo, ndipo uweke mbegu, zisigusane.

Si kila manjano ni njaa. Mihogo yenye mabaka na majani yaliyojikunja ina mozaiki. Mgomba unaonyauka, ukikata shina likatoa ute wa manjano, una mnyauko wa bakteria, na hakuna mbolea inayouponya. Panga litiwe motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Njaa kwa kawaida inashika kipande kizima cha shamba, hasa pale mvua imeosha udongo. Mnyauko unaanza kwa shina moja, halafu unahamia kwa jirani.